Jiko Lilale Nje

Wajukuu zangu, kaeni. Na wewe uliyesimama mlangoni na simu yako, ingia ufunge mlango, maana huo upepo unaouingiza ndio nilioitia kikao hiki.

Haya nitakayoyasema niliyasema mwaka jana, nikayasema mwaka juzi, na waliokuwa wakiyasema kabla yangu tumekwisha kuwazika. Zamani nilikuwa nikiyasema kwa hasira. Siku hizi nimebaki na uchovu tu, na mtu aliyechoka hana haraka, kwa hiyo mtanivumilia.

Juni imeingia. Watu wa Ujiji wakipanda huku kwetu mwezi huu hucheka wakiona vijana wa bodaboda wamevaa makoti mazito ya mitumba. Ikifika saa mbili usiku ni wao wanaouliza kama kuna blanketi la ziada. Ziwa Tanganyika, wanakotoka wao, liko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kasulu na Kibondo ziko juu yake kwa mamia ya mita, na ukienda Heru Juu au Manyovu unazidi kupanda. Katika kila mita 1,000 unazopanda, joto la hewa hupungua kwa nyuzi sita hivi. Hapo ongeza kiangazi chenyewe. Mawingu yameondoka, anga imebaki wazi, na joto lote ambalo ardhi ilipokea mchana hupaa usiku bila cha kulizuia. Ndiyo maana baridi yetu haiji na mvua, huja na jua. Mchana unatokwa jasho ukivuna maharage, saa kumi alfajiri meno yanagongana.

Lakini nisikilizeni vizuri. Sisi hatuna theluji. Mtu mzima mwenye afya, mwenye nguo kavu na mahali pa kujifunika, haondolewi duniani na baridi ya Kasulu akiwa ndani ya nyumba yake. Kinachotuondoa ni ile dawa tunayoitumia kuifukuza. Nalisema mapema ili hata atakayesinzia baadaye awe amelisikia hili: jiko la mkaa lisilale ndani ya nyumba mnamolala watu. Si chumbani, si sebuleni, si kwenye korido, wala msiniambie kwamba mmeacha dirisha wazi kidogo.

Kinachotudanganya ni moshi. Tangu utotoni tumefundishwa kuogopa moshi, na kweli moshi ni mbaya. Basi mama hutoa jiko nje, huupepea mkaa mpaka moshi wote uishe na makaa yawe mekundu mazuri, kisha hulirudisha ndani kwa moyo mweupe, karibu na kitanda cha mtoto, na kufunga kila kitu. Anadhani amelisafisha. Kumbe mkaa usio na moshi ndio unaotoa ile hewa iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikiingia mapafuni huishika damu mahali pale pale ambapo oksijeni ingekaa, na nguvu yake ya kushika huizidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mwili unanyimwa pumzi huku kifua kikipanda na kushuka kama kawaida. Aliyelala hapati hata nafasi ya kukohoa akazinduka.

Karibu kila mwaka mnasikia redioni familia fulani katika nchi hii imekutwa imelala moja kwa moja, jiko katikati ya chumba. Mnasema masikini, mnasema pole, halafu jioni mnauliza mkaa uko wapi.

Tena hewa hiyo ina hila nyingine inayotuhusu sisi hasa. Kabla haijaua, huumiza kichwa. Huleta kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, usingizi mzito usio wa kawaida. Sasa huku kwetu kila kichwa kinachouma ni malaria. Mtu humeza vidonge, akarudi kulala chumba kile kile, jiko lile lile. Mkiamka nyumba nzima mnaumwa kichwa kwa pamoja, na mkikaa nje uwanjani mkapata nafuu, hapo mbu hahusiki. Fungueni milango na madirisha, toeni watu nje, watoto kwanza, kisha nendeni hospitali. Na mkifika mseme waziwazi kwamba mlilala na jiko. Msione haya. Daktari asiyeambiwa atapima malaria, na wakati unakwenda.

Najua mtakachonijibu, maana mnanijibu hivyo kila mwaka: mbona babu zetu walilala na moto? Walilala, ndiyo. Walilala katika nyumba za msonge, paa la nyasi kutoka juu mpaka karibu na ardhi, na paa zima lilikuwa likipitisha hewa. Moshi ulichuja kwenye nyasi ukatoka, ukafukuza na wadudu njiani. Hata hivyo bibi zenu walikuwa na macho mekundu na kifua kisichopona, jambo ambalo wanaosifu ya kale husahau kulitaja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na hewa chafu ya majumbani viliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020 peke yake, wengi wao wakiwa katika nchi za watu wanaopikia kuni na mkaa kama sisi. Nyinyi mmejenga kwa tofali, mmepiga plasta, mmeweka madirisha ya vioo na mlango wa chuma. Mmebadili nyumba, moto mkaubakiza. Haviwezi kukaa pamoja hivyo.

Basi tufanyeje, babu, tufe kwa baridi? Hapana. Tatizo lenu ni kwamba mnatafuta joto la kununua wakati la bure mnaliachia litoke. Mtu mzima aliyelala hutoa joto la kama wati 70 au 80, karibu sawa na balbu moja ya zile za zamani zilizokuwa zikichoma mkono. Watu sita ndani ya nyumba ni balbu sita zinazowaka usiku kucha pasipo luku wala gunia la mkaa. Kazi ya nyumba ni kulizuia joto hilo. Kazi ya nguo ni hiyo hiyo. Na kinachozuia ni hewa iliyotulia, hewa isiyotembea. Blanketi halina moto ndani yake, lina hewa tu iliyonaswa kati ya nyuzi. Ukilielewa hili, mengine yote ninayosema utayafikia mwenyewe bila mimi.

Anzeni juu, kwenye bati. Simlaumu mtu kwa kuezeka bati. Nyasi nzuri siku hizi ni taabu kupata, kuezeka upya ni kazi ya mara kwa mara, na moto wa nyasi ukishika hauachi kitu. Ila semeni ukweli kuhusu bati. Unene wake haufiki hata nusu milimita. Mchana linawaka, usiku linatoa joto lote angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe ya nje. Ndiyo maana alfajiri mnaona matone yakidondoka kitandani ilhali hakuna mvua tangu Mei. Hiyo ni pumzi yenu wenyewe, imepanda, imekutana na bati la baridi, imerudi kuwa maji. Blanketi linalowana, na blanketi lililolowa halina kazi.

Dawa ya bati ni dari. Najua dari za jipsam ni ghali, wala sizungumzii hizo. Kamba na misumari, mikeka iliyochakaa au majamvi, magunia yaliyofumuliwa yakashonwa pamoja, hayo hutosha kutengeneza dari ya chumba kimoja, kile wanamolala watoto. Iache nafasi kati yake na bati, kwa sababu ile hewa iliyokaa pale katikati ndiyo inayofanya kazi. Wazee wengine walipanga matete na kuyakandika udongo juu yake, na hiyo ni bora zaidi kwa sababu haishiki moto. Ukitumia magunia ya plastiki, koroboi na mshumaa viwe mbali, tena mbali kweli. Na panya watakuja. Wafugieni paka.

Nashangaa, na hili naliweka pembeni kidogo, jinsi kijana anavyoweza kununua televisheni ya ukutani na kupaka rangi mbili sebuleni, huku watoto wake wanalala chini ya bati tupu. Mgeni akija anaona rangi. Dari ya magunia haionekani, kwa hiyo haijengwi. Sijui niseme nini zaidi kuhusu hilo.

Baada ya paa, upepo. Kiangazi upepo wetu hutoka upande wa kusini-mashariki, na hauhitaji mlango kuingia. Unapitia pale ambapo ukuta haujafika kwenye paa, kwenye mwanya chini ya mlango, kwenye mbao za dirisha zilizokauka zikaachana. Udongo uliochanganywa na samadi huziba mianya mingi kwa gharama ya jasho lako tu. Gunia lililokunjwa likalazwa kizingitini linatosha kwa mlango. Acheni tundu moja dogo juu, upande ambao upepo hautoki, kwa sababu watu sita waliofungiana bila hewa wanaambukizana kila kikohozi, na kifua kikuu hakijaondoka kwetu.

Na kuna suala la saa, ambalo halina gharama yoyote na ndilo hakuna anayelifuata. Asubuhi jua likishapanda, fungueni madirisha yote, tandazeni magodoro na mablanketi nje yaote jua. Kuta zipate joto. Ikifika saa kumi na moja jioni, kabla jua halijagusa vilima, fungeni kila kitu na msifungue tena ovyo. Wengi wenu mnafanya kinyume: mchana nyumba imefungwa kwa sababu mko shambani au sokoni, jioni milango yote iko wazi mpaka saa tatu mkipiga soga barazani. Mnailaza nyumba ikiwa imekwisha kupoa, kisha mnaulaumu mwezi wa Julai.

Zamani kila mji hapa kwetu Buha ulijitenga kwenye kilima chake, umezungukwa na migomba na ua wa miti hai. Miti ile ilikuwa ukuta wa kwanza wa nyumba. Tulipokusanywa vijijini miaka ya 1970, tulipangwa kwa mstari kando ya barabara, migomba ikabaki kule nyuma. Siilaumu shule wala zahanati tuliyoipata kwa kusogea pamoja. Nasema tu kwamba nyumba zilibaki uchi, na miaka hamsini baadaye bado hamjazivika. Mgomba hauchukui muda mrefu kukua. Upandeni upande wa kusini-mashariki, mtakula ndizi na kupata kinga.

Kuhusu kuta nitasema kwa tahadhari, kwa sababu hapa kuna fahari ya watu. Tofali la kuchoma ni zuri, ila kila tanuru linakula miti. Anayeikumbuka barabara ya Kasulu kwenda Kibondo kupitia Makere kabla ya mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa Wakongo waliokimbia vita, anajua kuni zilikuwa karibu kiasi gani. Msiwatupie wakimbizi lawama zote. Wao walikata wapike. Sisi tulikata tupike, tukakata tuchome tofali, tukakata tuuze mkaa. Leo mwanamke wa kambini na mwanamke wa kijijini wanatembea njia ndefu ile ile kutafuta kuni, na porini huko wanakutana na hatari ambazo sitazitaja mbele ya watoto.

Kambi ya Nduta, pale Kibondo, ilipofunguliwa tena Oktoba 2015 kwa ajili ya Warundi, watu walianza kwa kulala kwenye mahema na maturubai. Anayejua usiku wa Kibondo ajiulize turubai lina joto gani. Baadaye wengi walijijengea kwa tofali mbichi, udongo uliokaushwa juani, usiogusa hata kijiti cha kuni. Ukuta mnene wa udongo hupokea jua la mchana polepole na hulirudisha polepole usiku. Adui yake ni maji. Upe msingi wa mawe na paa linalotokeza nje vya kutosha, mvua isiupige, nao utakaa. Kijana anayetaka kuanza nyumba mwaka huu na fedha hana, asione aibu ya tofali mbichi.

Sasa kitanda. Mtu hujirundikia mablanketi juu huku joto linamtoka chini. Godoro la sponji likishabonyea ni kama haliko. Jaza gunia nyasi kavu au majani makavu ya migomba, ulilaze chini ya godoro, na ulitoe juani kila baada ya siku chache ili kunguni wasifanye makazi. Anayelala kwenye mkeka juu ya sakafu ya saruji ndiye mwenye haja zaidi, na mara nyingi ni mtoto. Mablanketi mawili mepesi hushinda moja zito, kwa sababu ya ile hewa ya katikati. Soksi kavu, kofia ya sufu, na nguo za kulalia zisiwe zile ulizotokwa nazo jasho shambani. Maji ya moto, yasiwe yanayochemka, kwenye chupa imara iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, yakiwekwa miguuni yatakufikisha usiku wa manane. Chupa hiyo isiwekwe kwa mtoto mchanga, ngozi yake haihimili.

Mtoto mchanga ana njia yake, na hiyo ni bora kuliko zote. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Akawaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakafungwa kwa kitambaa. Wakaishi. Leo hospitali zetu hufundisha hivyo hivyo, wanaiita kangaruu. Mama mwenye kichanga mwezi huu, mweke kifuani, mvike kofia, jifunikeni pamoja mkiwa mmekaa au mmeegama. Ukichoka, baba naye ana kifua. Msicheke, nasema kweli.

Na bibi zenu mnawasahau. Mwili wa mzee hupoa bila mwenyewe kuhisi mapema. Atakuambia hajambo huku mikono yake ni barafu. Usimuulize, mshike mkono.

Wanaotegemea pombe wanisamehe. Kinywaji kikali hukufanya uhisi joto kwa sababu kinaita damu ije kwenye ngozi, na damu ikija kwenye ngozi joto linatoka nje. Mlevi anayerudi usiku kifua wazi akiimba ndiye anayepoa kuliko wote njiani. Uji wa ulezi au chai ya tangawizi ya Buhigwe vitakupa joto linalokaa.

Mkaa mtakaouokoa kwa kutolala na jiko, uokoeni na kwenye kupika. Maharage yalowekwe tangu usiku. Yakichemka vizuri kwa muda, sufuria ifunikwe, iingizwe kwenye kapu lililojazwa nyasi kavu, lifunikwe kwa matambara mazito na liachwe. Yataendelea kuiva bila moto, na ukilikuta limepoa kidogo, utachemsha tena dakika chache tu. Ni ile ile kanuni ya hewa iliyotulia. Kama una shaka, jaribu na nusu kilo kwanza.

Juzi mmoja wenu aliniambia atanunua hita ya umeme, mambo yaishe. Hita ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa. Ukiiwasha saa tano kwa usiku, ni uniti kumi. Wewe uliye kwenye bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, utakuwa umeivuka kabla ya wiki ya pili kuisha, na joto lako lote limetokea kwenye bati. Fedha hiyo hiyo inunue kamba, misumari na mablanketi mawili gulioni, na chenji ibaki.

Nimechoka kusema, na nyinyi naona mmechoka kukaa. Anayeweza kuanza dari, aanze Jumamosi hii, vijana wawili wamsaidie. Magunia matupu yapo stoo kwangu, njooni mchukue. Usiku wa leo, kabla hamjalala, kila mmoja atoe jiko lake nje, aumwagie maji mkaa uliobaki, kisha aende kugonga kwa jirani amuulize kama na lake limetoka.